Nafasi Nne Zilizobaki: Kisa cha Mwanafunzi wa Fedha na Fani Ndogo ya Uchumi

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mhusika, ambaye nimemwita Z. Chuo hakitajwi, wala kampuni alikofanyia kazi, na mambo madogo yasiyogusa maana ya kisa yamegeuzwa ili asitambulike. Mimi nilikuwa mshauri wake wa masomo, na sehemu ya kosa linaloelezwa hapa chini ni yangu mwenyewe.

Usuli

Z. alikuwa akisomea shahada ya biashara, mkondo wa fedha, katika chuo kimoja mjini Mombasa. Masomo hayo huchukua mihula minane. Alipomaliza mwaka wa pili alikuwa amepita kozi za msingi zote: uhasibu, takwimu, sheria ya biashara, uchumi mdogo na uchumi mkubwa wa ngazi ya kwanza. Mihula minne iliyobaki ilikuwa imejaa kozi za lazima za fedha, isipokuwa nafasi saba ambazo mwanafunzi huachiwa ajichagulie mwenyewe.

Nafasi hizo zaweza kutumiwa kwa njia mbili. Mwanafunzi anaweza kuchukua kozi za hiari mojamoja kutoka idara yoyote itakayomkubali, au akakusanya kozi sita za idara moja na kuhesabiwa kuwa na fani ndogo. Fani ndogo huandikwa kwenye transkripti, yaani orodha rasmi ya kozi na alama za mwanafunzi. Kwenye cheti cha shahada haiandikwi, na wako wanafunzi ambao hulitambua hilo siku ya mahafali wakiwa wamekwisha kuvaa joho.

Hali ya nyumbani ina uzito katika kisa hiki. Z. aliishi Likoni na mamake, karo ikilipwa na ami yake mwenye duka la vipuri vya magari. Tangu mwaka wa pili alikuwa akifanya kazi ya nusu siku, asubuhi hadi saa saba, katika ofisi ya mawakala wa forodha kandokando ya Barabara ya Moi. Kazi yake ilikuwa kupanga hati za wateja, kuzipeleka benki na kuzifuatilia. Alasiri alikuja darasani, na usiku alirudi ng'ambo kwa feri. Yeyote anayevuka Likoni anajua kwamba saa ya kutoka darasani na saa ya kufika nyumbani ni mambo mawili yasiyo na mkataba baina yao.

Alikuja ofisini kwangu mara ya kwanza pamoja na ami yake, jambo ambalo si la kawaida kwa mwanafunzi wa umri ule lakini si la ajabu hapa kwetu. Ami ndiye aliyezungumza. "Mwalimu," aliniambia, "mimi sikusoma, lakini nimeona watu wakiajiriwa. Mtoto mwenye majina mawili kwenye karatasi yake hutangulia mwenye moja." Alitaka mwana wa nduguye awe na fedha na uchumi, akidhani kwa nia njema kabisa kwamba hizo zitakuwa kama shahada mbili. Z. alimkatiza kwa adabu: "Si shahada mbili, ami. Ni moja na kipande." Hata hivyo naye alivutiwa na uchumi, kwa kuwa alikuwa na nia ya kufanya baadaye mitihani ya CFA, ile ya kitaaluma ya wachambuzi wa fedha na uwekezaji, na katika mada kumi za ngazi ya kwanza ya mitihani hiyo, moja ni uchumi.

Mambo yalivyokwenda

Siku ile nilimchorea Z. jedwali nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: mihula minne iliyobaki, na katika kila muhula visanduku vya kozi za hiari, kimoja katika muhula wa tano na viwili katika kila muhula uliofuata. Kisha nikamwambia maneno ambayo nimeyajutia. Nilimwambia kwamba kozi mbili za uchumi alizozifanya mwaka wa kwanza zingehesabiwa katika sita za fani ndogo, hivyo angehitaji nne tu, na nafasi tatu zingebaki huru kwa mambo mengine. Nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kusikia wenzangu wakisema. Kanuni iliyoandikwa sikuisoma.

Kwa hesabu hiyo uamuzi ulikuwa mwepesi. Fani ndogo ilionekana kumgharimu nafasi nne kati ya saba, na ami alitoka ofisini ameridhika. Muhula wa tano Z. alichukua uchumi wa maendeleo. Muhula wa sita alichukua historia ya fikra za kiuchumi pamoja na kozi moja huru, ya benki za Kiislamu, aliyoichagua kwa sababu majirani na jamaa walikuwa wakimwuliza kila mara kuhusu jambo hilo na yeye hakuwa na jibu. Tangu Benki Kuu ya Kenya ilipotoa leseni kwa benki mbili za Kiislamu kamili mwaka 2007, na benki za kawaida zikafungua madirisha yao, yaani vitengo vya huduma za Kiislamu, mwanafunzi wa fedha mjini Mombasa asiyejua kwamba katika murabaha, mauzo yanayochukua nafasi ya mkopo wa riba, benki hununua kwanza bidhaa na kuimiliki, ndipo ikamwuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, huaibika barazani kabla hajafika kwenye usaili.

Kanuni ilijitokeza mwanzoni mwa muhula wa saba, Z. alipokwenda kwa msajili kujaza fomu ya kutangaza fani ndogo. Alijibiwa kwamba kozi iliyo ya lazima katika shahada yenyewe haihesabiwi mara ya pili katika fani ndogo. Uchumi mdogo na uchumi mkubwa wa mwaka wa kwanza vilikuwa vya lazima kwa wanafunzi wote wa biashara, kwa hiyo vilitoka katika hesabu. Alikuwa na kozi mbili kati ya sita, na alihitaji nne nyingine. Nafasi zilizokuwa zimebaki nazo zilikuwa nne.

Kwa mtu anayetazama juujuu, mambo yalikuwa yamekaa sawa: nne kwa nne. Alinijia na ile ile kalenda, imekunjwa mara nne na kuchakaa mikunjoni, akaiweka mezani bila kusema neno.

Hapo ndipo tulipotazama kozi zenyewe badala ya idadi yake. Zilizobaki zilikuwa uchumi mdogo wa ngazi ya kati, uchumi mkubwa wa ngazi ya kati, fedha za umma, na ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu katika kupima mambo ya uchumi. Ile ya kwanza ilitangulia ya pili kwa lazima, ikifundishwa Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi peke yake. Kuichukua kulimaanisha kuacha kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa ikilipa nauli, vitabu na sehemu ya chakula cha nyumbani.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na jambo kazini kwake ambalo lilibadili mazungumzo yetu. Mteja wa ofisi yao alikuwa ameagiza taili za sakafu, akilipa kwa ile ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta hati zinazolingana na masharti, ambayo watu wa bandarini huiita elsii. Kontena lilifika. Hati nazo zilifika benki, lakini benki ikazikataa kwa kuwa ankara ya muuzaji ilitaja taili za ukutani, ilhali elsii ilisema za sakafu. Mteja angeweza kuandika barua kwamba anazikubali hati na kasoro yake, na mambo yakaisha siku ileile. Lakini aliona ni nafasi ya kumbana muuzaji apunguze bei, akakaa kimya. Bila hati ya shehena ya asili, kampuni ya meli haikutoa idhini ya kuchukua mzigo. Siku za bure zikaisha, ada za kuhifadhi kontena zikaanza kuhesabiwa, na punguzo alilolipata mwishoni halikufikia nusu ya ada hizo.

Z. aliniambia alizifuatilia hati zile benki mara tatu kwa miguu yake mwenyewe, na kila mara aliwaeleza wafanyakazi kwamba ndani ya kontena mna taili za sakafu bila shaka, kwa kuwa sampuli imeonekana. "Mwalimu, kwa nini hawakujali?" aliniuliza. Jibu lake ni kanuni moja ya UCP 600, masharti ya kimataifa ya elsii yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007: benki hushughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Maelezo ya bidhaa katika ankara lazima yalingane na yale ya elsii, na benki ina siku tano za kazi za kuzikagua hati na kutoa uamuzi. Swali lake lilikuwa ni mada ya wiki ya nne ya kozi ya hiari iliyoitwa fedha za biashara ya kimataifa, ambayo ilifundishwa jioni na ambayo, kama angemaliza fani ndogo, asingeipatia nafasi.

Maamuzi na sababu zake

Njia tatu zilikuwa wazi. Ya kwanza ilikuwa kuimaliza fani ndogo kwa nafasi zote nne na kuacha kazi kwa muhula mmoja. Ya pili ilikuwa kuiacha fani ndogo, zile kozi mbili za uchumi zikabaki kama za hiari za kawaida, na kuzichagua upya nafasi nne. Ya tatu ilikuwa kuongeza kozi mbili juu ya mzigo wa kawaida, kwa karo ya ziada, ili apate vyote. Hii ya tatu tuliiondoa haraka. Muhula wa nane una mradi wa utafiti, na ami hakuwa tayari kulipia kozi ambazo shahada haizidai.

Kuhusu hizo mbili zilizobaki nilimwomba afanye jambo moja: aende akasome mihtasari ya kozi mbili za mwisho za fani ndogo, zile za ngazi ya juu kabisa, aniambie kama angezichukua hata kama hakuna neno lolote lingeandikwa kwenye transkripti. Kozi za mwanzo za fani ndogo yoyote ni za kufungulia mlango, na mwanafunzi wa fedha huwa amekwisha kuingia kwa mlango mwingine. Thamani iko mwishoni. Alirudi na jibu lililogawanyika. Ekonometriki aliitaka, kwa sababu alikuwa ameona tangazo la kazi za uchambuzi zikidai rigresheni, njia ya kupima uhusiano kati ya vigezo, na R, programu ya kompyuta ya takwimu. Fedha za umma hakuzitaka hata kidogo.

Alichagua njia ya pili, ila akaibakiza ekonometriki. Nafasi nne zikawa: fedha za biashara ya kimataifa na bima na udhibiti wa hatari katika muhula wa saba, ekonometriki na uundaji wa modeli za kifedha katika muhula wa nane. Sababu alizoziandika katika fomu ya idara zilikuwa tatu. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa inamfundisha upande mmoja wa jambo ambalo darasa lingemfundisha upande wa pili. Mitihani ya CPA, ile ya kitaaluma ya uhasibu, aliyopanga kuianza baada ya kuhitimu husamehe karatasi kwa kuangalia alichosomea mtu kozi kwa kozi, hivyo jina la fani ndogo halingempunguzia karatasi hata moja. Na mada ya uchumi katika CFA, alipouchunguza muhtasari wake, aliona kozi mbili za mwaka wa kwanza zimeigusa kwa kiasi cha kuanzia.

Kumweleza ami kulibaki kwake. Sikuwapo, lakini najua kwamba mama ndiye aliyemaliza mjadala, kwa kuuliza ni nani katika hao wenye kuajiri aliyewahi kumwuliza ami kuhusu karatasi za watu.

Matokeo

Katika fedha za biashara ya kimataifa alipata A, na katika bima na modeli alipata B. Kazi ya mwisho ya kozi ya modeli aliifanya juu ya muuzaji wa chai wa kubuni anayenunua katika mnada wa Mombasa, ambako bei hutajwa kwa dola, lakini anayelipa wafanyakazi na ghala kwa shilingi. Faida yake ilipanda na kushuka zaidi kwa kiwango cha ubadilishaji kuliko kwa bei ya chai yenyewe, na mwalimu wa kozi bado huionyesha kwa madarasa mengine.

Ekonometriki ilimpiga. Alipata C, daraja lake la chini kuliko yote katika miaka minne, na wastani wake ukabaki ndani ya daraja la pili la juu kwa nafasi finyu mno.

Baada ya kuhitimu alibaki miezi sita pale ofisini kwa mkataba wa siku nzima, kisha akaajiriwa na benki katika kitengo cha hati za biashara ya nje. Katika usaili aliulizwa afanye nini iwapo tarehe ya hati ya shehena imepita kwa siku moja siku ya mwisho ya kupakia iliyotajwa katika elsii. Hakuna aliyemwuliza kuhusu kozi zake za hiari kwa majina, wala kuhusu fani ndogo aliyoiacha.

Upande wa hasara nao upo. Mwaka uliofuata aliomba kusoma shahada ya uzamili ya uchumi, na chuo alichoomba kilimtaka awe amesoma uchumi mdogo na uchumi mkubwa wa ngazi ya kati. Vyote viwili ndivyo alivyoviacha. Alipewa nafasi kwa sharti la kuvisoma kwanza.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni langu, nalo nalitaja kwanza. Nilitoa ahadi ya kozi kuhesabiwa bila kuisoma kanuni, na Z. akapanga miezi kumi ya masomo juu ya ahadi hiyo. Kama angejua tangu mwanzo kwamba fani ndogo ni nafasi sita kati ya saba, asingeianza, na nafasi ya uchumi wa maendeleo angeitumia kwa jambo jingine. Kozi hiyo haikumfaa. Historia ya fikra za kiuchumi ilimfaa kwa namna ambayo hatukuitarajia, kwani ndiyo iliyomfunza kuandika hoja ndefu, na ripoti zake za benki zinasomeka. Hilo lilikuwa bahati, halikuwa mpango. Fomu ya idara sasa ina mahali pa sahihi ya msajili, anayethibitisha kozi zinazohesabiwa, na mwanafunzi hupewa nakala yake kabla ya muhula wa tano.

Kosa la pili lilikuwa la sote wawili. Mazungumzo yetu ya kwanza yalihusu idadi: ngapi zimefanywa, ngapi zimebaki. Hesabu ilipokaa vizuri tulidhani na uamuzi umekaa vizuri. Ilikuwa lazima tuulize nani ataisoma transkripti hii, kwa sababu wasomaji wake hawatazami kitu kimoja. Mwajiri wa bandarini huangalia kama mtu anaijua kazi. Bodi ya mitihani ya kitaaluma huangalia kozi mojamoja. Kamati ya kuwapokea wanafunzi wa uzamili huangalia mfuatano wa kozi zilizotangulia, na kwa msomaji huyu peke yake fani ndogo ya uchumi ilikuwa na thamani kubwa. Z. hakuwa amesema kwamba anafikiria uzamili wa uchumi, lakini wala sikumwuliza. Kama ningeuliza, huenda tungeshauri aombe likizo ya muhula mmoja kazini, achukue uchumi mdogo wa ngazi ya kati asubuhi, na fani ndogo ikakamilika. Mwanafunzi mwingine wa mwaka uleule, aliyelenga utafiti tangu mwanzo, alifanya hivyo na hakukosea.

Lililofaa zaidi ni lile swali la kozi mbili za mwisho. Lilimtoa katika kuchagua jina na kumweka katika kuchagua kazi atakayoifanya kila wiki kwa majuma kumi na mbili au zaidi. Pia lilimwonyesha kwamba kuacha fani ndogo si kuacha kila kilichomo ndani yake. Ekonometriki aliibeba akatoka nayo.

Juu ya ekonometriki hiyo nina shaka na uamuzi wetu hata leo. Kuichagua kulikuwa sawa, lakini wakati haukuwa sawa. Takwimu aliisoma mwaka wa kwanza, na ekonometriki aliikuta mwaka wa nne, akiwa ameisahau tofauti kati ya kosa sanifu na mkengeuko sanifu. Wenzake wa idara ya uchumi walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye kozi ya kati ya takwimu. Fani ndogo, pamoja na ugumu wake wote, humpangia mwanafunzi ngazi za kupandia. Anayechukua kozi za hiari hujipangia mwenyewe, na Z. aliruka ngazi moja bila yeyote kati yetu kuiona. Muhula wa saba ulikuwa na nafasi ya kupitia takwimu upya hata bila kujiandikisha rasmi, kwa kuhudhuria tu.

Bima na udhibiti wa hatari ilikuwa chaguo ambalo sikulipenda, na nilimwambia hivyo. Niliiona kuwa ya nadharia mno. Alinijibu kwamba kila siku anashika mezani pake bima za shehena asizozielewa, na kwamba tangu Januari 2017, pale sharti la waagizaji kukatia bima ya baharini kwa kampuni za Kenya lilipoanza kutekelezwa, hati hizo zimekuwa nyingi. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nikihukumu kwa kukumbuka jinsi kozi hiyo ilivyofundishwa nilipokuwa mwanafunzi.

Kuhusu sharti la uzamili, Z. amejiandikisha kusoma uchumi mdogo wa ngazi ya kati katika chuo chetu kama mwanafunzi wa kozi moja. Idara ya uchumi ilianza kuifundisha jioni mwaka uliofuata kuhitimu kwake, baada ya wanafunzi wenye kazi kulalamika kwa maandishi. Darasa ni Jumatano, saa kumi na moja na nusu, na karo yake anailipa mwenyewe.